Maotea

Mwaka wa tetekuwanga nilikuwa darasa la pili.
Mama alinifunga mikono kwa vipande vya kitenge nisijikune.
Vipele vikakauka, vikapukutika, tukasahau.
Hakuna aliyeniambia kwamba ugonjwa ule haukutoka,
ulijizika tu, nyuma ya sikio,
kama kiazi kilichoponyoka jembe siku ya kuvuna.

Hapa Isongole tunavijua viazi hivyo.
Unalima upya, unapanda maharage, unapalilia,
halafu katikati ya mstari kinachomoza kijani kisichoalikwa.
Tunaviita maotea.
Changu kilikaa ardhini miaka arobaini na moja.

Jumatano lilianza sikio: msumari wa moto.
Ijumaa nikasukutua, maji yakatoka upande wa kulia
yakalowesha blauzi ya kazini.
Kwenye kioo nusu ya uso ilikuwa tayari kwenda shule,
nusu imegoma.
Nililazimisha jicho lifumbe. Likapinda juu,
likabaki jeupe kama yai lililomenywa.

Mama Sekela akasema ni baridi ya Uporoto, jifunge mtandio.
Shemeji akasema kiharusi.
Wa tatu hakusema kitu,
aligeuka tu kuitazama nyumba ya yule tuliyegombana naye mpaka.

Hospitali ya rufaa, Mbeya, Jumamosi.
Daktari Mgaya, kijana wa Njombe, hakuanza na uso.
Aliinamisha tochi sikioni.
“Hivi hapa. Vimejipanga kama mtama.
Ni mkanda wa jeshi, mwalimu.”
Mkanda niliokuwa naujua hukaa ubavuni.
“Huu umevaliwa kichwani.”
Akaomba anipime na kile kipimo kingine,
kile ambacho mtu husubiri majibu akihesabu vigae.
Nilifika sitini na mbili. Hasi.
“Umewahi,” akasema. “Ungekuja wiki ijayo
ningekuwa na pole nyingi kuliko dawa.”

Vidonge vya virusi, mara tano kwa siku.
Vingine vichungu, vya kupunguza uvimbe, vinavyopungua navyo kidogo kidogo.
Matone mchana kutwa,
na usiku plasta, kope zilale kwa amri.
Chai ilikuwa tamu upande mmoja wa ulimi.
Mvua ikipiga bati, ilipasukia ndani ya kichwa
na sakafu ikainuka kunilaki.

Nikarudi darasa la kwanza, muhula wa herufi,
na hapo ndipo nilipogundua
jinsi Kiswahili kinavyotegemea midomo miwili:
baba, bibi, babu, pipa, embe, mama.
Papai likanitoka fafai.
Watoto arobaini na saba wakaitikia kwa furaha: fafai!
Jumatatu yake Ambakisye alikuja, kofia mkononi.
“Mwalimu, samahani. Mwanangu ananiita vava.”
Nikacheka. Nusu yangu ikacheka.
Naye, masikini, hakujua aitazame nusu ipi.

Kila jioni niliweka kibatari mbele ya kioo, nipulize.
Pumzi ilikimbilia pembeni, mwali haukujali.
Mwezi wa tatu ukayumba.
Mwezi wa nne ukazimika,
na gizani pale nikasema: baba.
Nikarudia. Baba.
Marehemu hakuitika,
lakini herufi zilikuwa zake, zote mbili, nzima.

Sasa nikitafuna, jicho la kulia hufumba lenyewe.
Mgaya anasema neva ikiota upya hupotea njia,
uzi uliokuwa wa mdomo ukafikia kwenye kope.
Anaeleza taratibu, anachora kwenye karatasi.
Namwacha amalize.
Mimi ni mkulima wa viazi, naujua mstari wa maharage.

Darasani wote wamejirekebisha, isipokuwa Lugano.
Bado anasoma fafai, kwa sauti, kidole kwenye kitabu.
Wenzake humgeukia, kisha hunigeukia mimi.
Saa nne hiyo, kiazi cha kuchemsha kiko mdomoni.
Namfumbia jicho.
Moja, lile la kulia.